Utafiti wa kinga ya mwili Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameokotwa kwenye mabaraza ya chifu, kliniki za mama na mtoto, vijiwe vya bodaboda na foleni ya feri ya Likoni. Sisi tunaoyajibu ni watu wa kati: kazi yetu ni kuunganisha maabara za chuo kikuu na mitaa inayotoa damu. Tumeanza na mepesi tukamalizia na yale yanayotukaba koo. Kama linalokusumbua ni damu tu, ruka moja kwa moja hadi swali la 5.

## Tuanze na msingi

1. Kituo cha utafiti wa kinga ya mwili hufanya nini hasa?

Huchunguza jinsi mwili unavyopambana na maradhi, na kwa nini wakati mwingine hushindwa au hujigeuka wenyewe. Watoto wawili wanalala chumba kimoja Kisauni, wanaumwa na mbu wale wale. Mmoja analazwa na malaria kali, mwenzake anapata homa ya siku mbili na kurudi kucheza. Mtafiti wa kinga anataka kujua ndani ya damu ya yule wa pili kuna nini.

Kwa hiyo kazi nyingi ni ya maabara: kuhesabu chembechembe nyeupe za damu, kupima kingamwili (zile protini zinazotengenezwa na mwili kukamata virusi, bakteria na vimelea), na kuangalia seli zinavyofanya zikikutanishwa na kijidudu. Matokeo yake ndiyo huzaa chanjo, vipimo na dawa, ingawa kutoka meza ya maabara hadi sindano ya zahanati huweza kupita miaka 30. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutengenezwa miaka ya 1980, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021.

2. Je, ni hospitali? Naweza kuja kutibiwa?

La. Watafiti wengi wa chuo hufanya kazi bega kwa bega na hospitali za umma, na ndiyo maana watu huchanganya. Daktari wa utafiti akikukuta na ugonjwa atakutibu au kukuelekeza, lakini lengo la mradi ni kujibu swali la kisayansi. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyosikika. Daktari wako wa kawaida huamua kwa kuangalia wewe peke yako. Mradi wa utafiti hufuata utaratibu ulioandikwa kabla hujafika. Mtu asiyeambiwa hivyo waziwazi hajaelezwa vya kutosha.

3. Kwa nini Pwani? Mbona kila siku ni sisi?

Swali hili huja na jicho kali, na lina haki. Sehemu ya jibu ni maradhi yenyewe. Chikungunya iliwaka Lamu na Mombasa mwaka 2004, ikarudi Mombasa mwishoni mwa 2017. Dengi ilizuka hapa mjini 2013. Matende na mabusha ni maradhi ya ukanda huu, kichocho kimejaa Kwale. Malaria haihitaji utangulizi.

Sehemu nyingine ni historia. Mwaka 1949 kijana aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alipima damu za jamii mbalimbali nchini akaona jambo: chembe za seli mundu (chembe nyekundu za damu zinazopinda kama mundu, hali ya kurithi) zilikuwa nyingi kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, na adimu kwa watu wa nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha kwamba mwenye kurithi hali hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria. Baadaye watafiti wa Kilifi walionyesha kwamba kinga hiyo hupunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Anayerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua.

Kilifi kuna kituo kikubwa cha KEMRI (taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba) na Wellcome (mfuko wa Uingereza wa kugharimia utafiti) tangu 1989. Mombasa yenyewe, katika kliniki ya Ganjoni, Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Washington wamekuwa wakifuatilia afya ya wanawake tangu 1993, na mengi yanayojulikana duniani kuhusu kinga ya uke na maambukizi ya VVU yametokana na wanawake hao. Watafiti hupenda kurudi palipo na kumbukumbu za miaka mingi. Kama faida nayo hurudi ni habari nyingine. Tazama swali la 19.

4. Nile au ninywe nini ili kinga yangu ipande?

Hakuna chai, unga wala chupa ya duka la dawa inayopandisha kinga kwa jumla jinsi matangazo yanavyosema. Kinga si tangi la maji useme limepungua lijazwe. Ni mchanganyiko wa seli za aina nyingi, na zikizidi kuchachamaa nazo ni ugonjwa: pumu, mzio, baridi yabisi, lupasi, kisukari cha aina ya kwanza, yote hayo ni kinga iliyokosa adabu.

Vinavyosaidia havina mvuto wa kuuzwa: usingizi, chakula cha kawaida chenye mboga na samaki, kuacha sigara, chandarua, chanjo kwa wakati, na dawa za kupunguza makali kwa anayeishi na VVU. Tangawizi na ndimu ni tamu, kunywa. Usiache dawa kwa ajili yake.

## Damu

5. Mnachukua damu kiasi gani?

Inategemea mradi, na kiasi lazima kiandikwe kwenye fomu ya ridhaa. Chupa ndogo ya kipimo hubeba mililita 4 hadi 10. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu, na anayechangia benki ya damu hutoa mililita 450 kwa mara moja. Watoto huchukuliwa kulingana na uzito wao. Ukiambiwa "kidogo tu" bila kuonyeshwa chupa, omba kuonyeshwa chupa.

6. Mbona chupa nyingi wakati hospitali huchukua moja?

Kwa sababu utafiti wa kinga unahitaji seli zikiwa hai. Damu ikifika maabara humwagwa taratibu juu ya kimiminika maalumu kwenye bomba la plastiki, kisha huwekwa kwenye mashine ya kuzungusha kwa kasi. Ikitoka imejipanga yenyewe: juu maji ya manjano, chini kabisa wekundu ulioshikana, na katikati utando mweupe mwembamba, kama malai juu ya maziwa. Utando huo ndio unaotafutwa. Fundi huunyonya kwa mrija bila kutikisa bomba, na akikosea pumzi moja unachanganyika. Chupa nzima hutoa kiasi kidogo tu cha seli hizo, na kipimo kimoja humaliza nyingi. Ndiyo maana chupa huwa mbili au tatu.

Seli hizo huwa na haraka pia. Zinatakiwa kutengwa ndani ya saa chache baada ya kutoka mkononi mwako. Na hazipendi barafu: sampuli husafirishwa kwenye boksi linalozuia joto, si kwenye jokofu. Sasa fikiria sampuli ya Likoni siku feri moja imeharibika, jua la Februari, foleni imefika mbali. Ratiba za watafiti hapa hupangwa kwa kuifuata feri, na anayekuja na ratiba ya Ulaya hujifunza ndani ya wiki.

7. Damu yangu inakaa wapi, na stima ikipotea?

Maji ya manjano huhifadhiwa kwenye friza za nyuzi 80 chini ya sifuri, na hizo hutegemea umeme, kwa hiyo jenereta si anasa. Seli hai huwekwa kwenye matangi ya nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Tangi hilo halihitaji stima kabisa. Linahitaji mtu wa kuliongeza nitrojeni kabla haijakauka.

Chupa yako haina jina. Ina namba na msimbo wa mistari. Orodha inayounganisha namba na jina hufungiwa mahali pengine, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza nani anaishika.

8. Ni kweli damu inauzwa? Hawa si mumiani?

Hatumcheki anayeuliza. Habari za mumiani zina umri mrefu katika pwani hii: watu wa gari, watu wa serikali, wanaochukua damu za wanyonge kutengeneza dawa. Bibi zetu waliambiwa, nao wakatuambia. Gari jeupe linapoingia mtaani, watu wenye glavu wakatoa damu watoto kisha wakatoweka miaka mitatu bila kusema walichokuta, hadithi ya zamani hupata nyama mpya. Kwa maoni yetu, uvumi huu haulishwi na ujinga wa watu. Unalishwa na ukimya wa watafiti.

Damu ya utafiti haina soko. Kijiko cha damu kilichotiwa dawa za maabara hakiwezi kuongezwa mgonjwa. Lakini kinachoweza kuleta pesa ni ujuzi unaotokana na damu hiyo, na hapo swali lako ni zuri. Tumelijibu kwenye 19. Kujua kama waliokuja ni watafiti halali, tazama 10.

9. Nilichangia damu kwa ajili ya wagonjwa. Inaweza kutumika kwenye utafiti?

Mabaki ya vipimo yanaweza, kwa kibali cha kamati ya maadili na bila majina. Mfano unaotugusa: mwaka 2020, wakati vipimo vya korona vilikuwa haba, watafiti wa Kilifi walipima mabaki ya damu za wachangiaji nchini. Kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni walikadiria kwamba asilimia 8 hivi ya watu Mombasa walikuwa tayari na kingamwili za korona, kiwango cha juu kuliko cha Nairobi. Takwimu rasmi za wagonjwa zilikuwa chini mno ya hapo.

## Kujiunga na kujitoa

10. Nitajuaje kama mradi ni halali?

Utafiti wowote wa binadamu Kenya lazima upitishwe na kamati ya maadili iliyosajiliwa na NACOSTI (tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi), na upate leseni ya NACOSTI yenyewe. Ukiwa ni jaribio la dawa au chanjo, Bodi ya Famasia na Sumu nayo hutoa kibali. Omba kuona barua. Namba ya kamati ya maadili lazima iwe kwenye fomu yako, ili uweze kulalamika bila kupitia kwa mtafiti. Mhudumu wa afya wa mtaa wako na chifu pia huwa wamearifiwa kabla. Kama wote wawili hawajui lolote, usitoe mkono.

11. Fomu ni ndefu na mimi sikusoma sana. Nisaini tu?

Usisaini tu. Una haki ya kusomewa yote kwa lugha unayoielewa, iwe Kiswahili, Kigiriama au Kidigo, na kwenda nayo nyumbani. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa mradi.

Fomu nyingi zimeandikwa vibaya. Tumeona kurasa kumi za sentensi zisizo na mkia. Hivyo mwambie anayekusajili akujibu haya kwa mdomo: mnatafuta nini, mtanichukua nini, itanidhuru vipi, itakaa wapi, nikijitoa inakuwaje. Akishindwa moja, mpe siku nyingine arudi.

12. Mume wangu ndiye wa kuamua?

Mtu mzima hujisainia mwenyewe. Shauriana na mzee wa nyumba, na mama mkwe ukitaka, hakuna ubaya. Watafiti wenye busara huzungumza na familia nzima. Lakini sahihi ya mume haiwezi kusimama badala ya yako, wala ya kwako badala ya yake. Kwa mtoto, mzazi au mlezi husaini, na mtoto mkubwa kiasi naye huulizwa kama anakubali.

13. Mnalipa?

Hurudishiwa nauli na hufidiwa muda uliopoteza, kwa kiwango kilichokubaliwa na kamati ya maadili. Si mshahara. Kamati huogopa kiwango kikubwa kwa sababu mwenye njaa atasaini chochote. Sisi huogopa kiwango kidogo pia, kwa sababu mwendesha bodaboda aliyeketi kliniki nusu siku amepoteza unga wa watoto.

14. Nikijitoa katikati?

Unajitoa, bila kueleza sababu, na matibabu yako ya kawaida hayaguswi. Unaweza kuomba sampuli zilizobaki ziharibiwe. Matokeo yaliyokwisha kuchanganywa na ya wengine hayawezi kutolewa tena, na fomu inapaswa kukuambia hivyo mapema. Kwenye jaribio la chanjo au dawa watakuomba uendelee kuangaliwa kiafya. Kubali hilo, ni kwa usalama wako.

15. Mbona sipewi majibu ya damu yangu?

Yapo majibu ya aina mbili. Wingi wa damu, malaria, VVU, sukari: haya unapewa. Vipimo vya utafiti wenyewe, kwa mfano seli zako zilivyoitikia kipande cha protini ya kimelea, mara nyingi havina maana kwa mtu mmoja mmoja. Hakuna daktari anayejua akufanyie nini navyo. Ila matokeo ya jumla ni deni. Dai mkutano wa kurudisha matokeo, na udai kabla ya kuanza.

## Maradhi yetu na chanjo

16. Kila nikienda kliniki naambiwa nina taifodi. Kinga yangu imekufa?

Hapana, na huenda hata taifodi huna. Kipimo kinachotumika kwenye kliniki nyingi za mtaani, cha Widal, hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili. Tone la damu yako huchanganywa na tone la kemikali kwenye kioo, fundi anakizungusha akiangalia kama vitachipuka vichembe. Vikichipuka, ni taifodi, dawa hizi hapa.

Kasoro ni kwamba kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha. Huweza pia kuwa zilitokana na bakteria wa jamaa nyingine, na hata homa ya malaria inaweza kuvuruga kipimo. Katika mji ambao maji ya visima na vyoo vya shimo vinapakana, watu wengi wanazo wakiwa wazima kabisa. Kipimo kinachothibitisha ni kuotesha damu maabara, nacho huchukua siku kadhaa na gharama yake ni kubwa, kwa hiyo kliniki hukwepa.

Madhara ni mawili: unakunywa antibiotiki usizohitaji mpaka bakteria wakazizoea, na ugonjwa uliokuleta unaendelea. Ukiambiwa una taifodi mara ya tatu kwa mwaka, uliza umepimwa kwa njia gani.

17. Nilishaugua dengi. Nimeshapata kinga?

Nusu. Virusi vya dengi viko vya aina nne. Ukiugua aina moja, hiyo haikurudii tena maisha yako yote, lakini tatu zilizobaki zinaweza. Na hapa kinga hufanya kioja: kingamwili za mara ya kwanza zinaweza kushika virusi vya aina ya pili bila kuviua, vikapata njia rahisi ya kuingia kwenye seli. Ndiyo maana dengi ya pili ina hatari zaidi ya kuwa kali kuliko ya kwanza. Mlipuko wa 2013 ulikuwa na aina zaidi ya moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo wapo wengi mjini walio katika hali hiyo bila kujua.

Ukishuku dengi tumia parasetamoli. Epuka aspirini, ibuprofeni na ile sindano ya diklofenaki ya haraka haraka, maana huongeza hatari ya kuvuja damu. Mbu wake huuma mchana na huzaa kwenye maji safi yaliyotuama: mitungi, majerikeni yasiyofunikwa, matairi, tangi la paani. Mji unaopata maji ya mfereji kwa zamu lazima uhifadhi maji. Funika, basi.

Chikungunya ni virusi vingine kabisa. Ukiipata mara moja, kwa kadiri inavyojulikana, huipati tena, ila maumivu ya viungo yanaweza kudumu miezi, na hayo ni kinga yako ikiendelea kuwaka baada ya moto kuzimwa.

18. Kwenye jaribio la chanjo, mtoto wangu anaweza kupewa sindano ya maji?

Inawezekana, lakini watafiti wengi hukwepa kumchoma mtoto bure. Kwenye majaribio makubwa ya chanjo za malaria, RTS,S na ile ya R21 iliyopendekezwa Oktoba 2023, ambayo yote yalifanyika Kilifi pia, kundi la kulinganisha walipewa chanjo nyingine ya kweli, kama ile ya kichaa cha mbwa. Mzazi hajui mtoto wake yuko kundi gani, na muuguzi anayempima hajui. Wakijua, watapima kwa upendeleo bila kukusudia.

Lazima pia kuwe na bima kwa madhara yatokanayo na jaribio. Uliza inagharimia nini na mpaka lini.

Wengine huuliza pia kama chanjo huleta ugumba. Mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki nchini walidai chanjo ya pepopunda kwa wanawake ilikuwa na homoni ya kuzuia mimba, Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani walikanusha. Chanjo hiyo hupewa mama ili kingamwili zake zivuke kwenye kondo hadi kwa mtoto, kwa sababu pepopunda ya kitovu huua kichanga ndani ya siku chache.

19. Wanaofaidika ni kina nani?

Vyeo na machapisho huenda kwa watafiti, hili tusifichane. Mwaka 2000 palitokea mzozo wa hadharani baina ya watafiti wa Nairobi na wenzao wa Uingereza kuhusu hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) ya chanjo ya majaribio ya VVU. Wakenya waliachwa nje, ilhali wazo lilitokana na wanawake wa Majengo, Nairobi, ambao baadhi yao walikutana na virusi mara nyingi bila kuambukizwa. Tangu hapo mikataba imekuwa mikali zaidi. Sampuli haitoki nchini bila kibali na mkataba wa kuhamisha sampuli unaosema itafanyiwa nini.

Faida kwa mtaa ni ndogo kuliko inavyoahidiwa na kubwa kuliko inavyodhaniwa: wauguzi waliofunzwa, vijana walioajiriwa, vipimo ambavyo havikuwepo. Kinachokosekana mara nyingi ni chanjo yenyewe. Kilifi ilishiriki kuijaribu RTS,S, lakini chanjo ilipoanza kutolewa kwa majaribio ya kitaifa Septemba 2019, ilianzia kaunti za magharibi ambako malaria ni kali zaidi. Kisayansi inaeleweka. Mama wa Ganze, huko Kilifi, aliyetoa mtoto wake alikuwa na haki ya kuelezwa hivyo mapema.

## Dini, safari na mambo magumu

20. Ramadhani inakuwaje?

Wanazuoni wengi husema damu kidogo ya kipimo haivunji saumu, wala sindano isiyo ya chakula. Muulize sheikh wako, kwa kuwa zipo kauli tofauti. Kiafya, mradi ukichukua chupa kadhaa ni afadhali kuhamisha miadi hadi baada ya kufuturu au baada ya Idi. Watafiti wa hapa wanajua. Baadhi ya chanjo hutumia gelatini ya nguruwe na nyingi hazitumii, hivyo uliza jina la chanjo na viambato vyake.

21. Natumia muarobaini, naumikwa (hijama) na kutafuna muguka. Niwaambie?

Waambie yote. Hakuna atakayekuripoti. Vinavyobadilisha seli au ini lako huharibu majibu kama havikuandikwa.

22. Nikishiriki jaribio la chanjo ya VVU, kipimo kitasema nina virusi?

Kinaweza, na hili ndilo swali ambalo wanaotaka kwenda Saudia, Qatar au Dubai hawalifikirii mpaka wamechelewa. Vipimo vya haraka hutafuta kingamwili, na chanjo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Mtu asiye na virusi hata kimoja anaweza kuonekana chanya, pengine kwa miaka. Kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe hutofautisha, na mradi hukupa barua na mahali pa kupimwa vizuri. Lakini kliniki ya wakala wa ajira haina muda na barua yako. Kama una safari ya kazi ya Ghuba kichwani, ahirisha jaribio la aina hiyo. Tunasema hivi hata kama linatupunguzia washiriki.

23. Nasikia kuna watu waliambukizwa malaria makusudi. Ni kweli?

Ni kweli. Kilifi, kati ya 2016 na 2018, watu wazima wenye afya njema walikubali kudungwa vimelea vya malaria, wakakaa chini ya uangalizi na kupimwa damu kila siku, kisha wote wakatibiwa. Baadhi ya waliokulia penye malaria nyingi vimelea vyao havikukua. Kinga yao ilivizima bila dawa. Hakuna njia nyingine ya kuona jambo hilo likitokea saa kwa saa.

Je, ni halali kimaadili? Malaria hiyo ilikuwa na dawa, washiriki walikaa mahali pamoja, na walilipwa fidia ya muda. Fidia hiyo ndiyo iliyoleta kelele magazetini. Maoni yetu: kwa ugonjwa wenye tiba, sawa. Lakini mtu asajiliwe baada ya kuulizwa maswali ya kuelewa na kuyajibu sawasawa. Kusaini tu hakutoshi.

Na huyo mwenye kinga asijidanganye: hupungua. Mtu wa Kwale aliyeishi Nairobi miaka kadhaa akirudi likizo bila chandarua anaweza kulazwa kama mgeni.

24. Mradi ukikatika pesa?

Hutokea. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada, tafiti kadhaa barani zilisimama ghafla, zikiwemo za chanjo. Mshiriki aliyekwisha kuchanjwa lazima aendelee kuangaliwa, na sampuli zibaki chini ya taasisi iliyoandikwa kwenye fomu. Ofisi ikifungwa, kamati ya maadili (swali la 10) bado ipo, na inawajibika kukujibu.

25. Mwanangu alitolewa damu akiwa mchanga. Akifika miaka 18 je?

Ridhaa ya mzazi ilimwakilisha alipokuwa mdogo. Mradi ukiendelea kumfuatilia, lazima aulizwe upya mwenyewe, na anaweza kukataa. Sampuli za zamani ambazo bado zina namba inayomfikia anaweza kuomba ziharibiwe. Zilizokwisha kuondolewa kila kinachomtambulisha haziwezi kutafutwa tena, kwa sababu hakuna anayejua ni zipi. Weka nakala ya fomu pamoja na kadi yake ya kliniki, maana namba ya mradi iko hapo na bila hiyo hakuna pa kuanzia.